Kijumba cha Fundi wa Chuma: Nambari 4 Chapel Row, Mjini Merthyr Tydfil

Watu walioandika habari za majengo ya kale wamezoea kuanza na ngome na makanisa, kisha hushuka kwenye majumba ya matajiri, na hapo wino huwaishia. Nyumba ya mtu wa kazi hutajwa kwa sentensi moja, au haitajwi kabisa, kana kwamba ilijiotea kama uyoga. Makala haya yahusu nyumba moja ya namna hiyo katika mji wa Merthyr Tydfil, kusini mwa nchi ya Wales. Ni nyumba nambari 4 katika safu iitwayo Chapel Row, nayo ilijengwa mwaka 1825 kwa ajili ya mafundi wa kiwanda cha chuma cha Cyfarthfa. Tutatazama jinsi nyumba za namna hii zilivyojengwa, kisha tutauliza kwa nini hii moja imehifadhiwa, hali maelfu ya dada zake yamebomolewa. Jibu litolewalo kwa kawaida ni kwamba humo alizaliwa mtu mashuhuri. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi.

Yafaa kwanza kuujua mji wenyewe. Neno *merthyr* Waweli walilipata katika Kilatini *martyrium*, maana yake mahali pa shahidi wa dini. Na shahidi huyo, kwa mapokeo ya wenyeji, ni Tudful, binti wa mfalme aitwaye Brychan. Hadi katikati ya karne ya 18 mahali hapa palikuwa kijiji cha wafugaji wa kondoo, si zaidi. Lakini katika vilima vyake vilikutana vitu ambavyo ni nadra kukutana: mawe ya chuma, makaa ya mawe, mawe ya chokaa, na maji ya mto Taff yenye nguvu ya kuzungusha magurudumu. Basi kiwanda cha Dowlais kilianzishwa mwaka 1759, cha Plymouth mwaka 1763, cha Cyfarthfa mwaka 1765, na cha Penydarren mwaka 1784. Mwaka 1794 ulifunguliwa mfereji wa maji wa yapata maili 25 kutoka Merthyr hata bandari ya Cardiff, ili mashua zichukue chuma. Mwaka 1804, katika reli ya Penydarren, Richard Trevithick aliendesha gari la moshi lililovuta mzigo wa chuma na watu, jambo ambalo halijapata kuonekana duniani kabla ya siku ile. Watu walipohesabiwa mwaka 1801, Merthyr ilikuwa na watu 7,705, nayo ilikuwa ndiyo mji mkubwa wa Wales nzima. Nusu karne baadaye, mwaka 1851, walizidi 46,000.

Watu hao wote walihitaji mahali pa kulala. Wengi walitoka mashambani magharibi mwa Wales, wakinena Kiweli. Wengine walitoka Uingereza, na baadaye Ayalandi. Mji haukuwa na baraza la kuupanga, wala hapakuwa na sheria ya ujenzi. Aliyekuwa na ardhi na fedha alijenga apendavyo, na aliyekuwa na vyote viwili zaidi ya wote ni mwenye kiwanda. Ukoo wa Crawshay, uliomiliki Cyfarthfa, ulijenga safu za nyumba kwa watu wake, hasa kwa mafundi ambao ungetaabika kuwapata wengine mfano wao. Kodi ilikwenda kwa mwenye kiwanda. Basi fundi akifukuzwa kazi alihofia kupoteza paa pamoja na mshahara.

Hapa pana sadfa ambayo mwanahistoria hawezi kuipita. Chapel Row ilijengwa mwaka 1825. Katika miaka hiyohiyo, 1824 na 1825, William Crawshay wa pili alijijengea jumba kwa ramani ya msanifu Robert Lugar, lenye minara na kuta za kujigamba mfano wa ngome ya vita, juu ya kilima kilichotazamana na tanuri zake. Husemwa kwamba jumba lile liligharimu yapata pauni 30,000, na kwamba baba yake hakuupenda kamwe utumizi ule wa fedha. Jumba liitwalo Cyfarthfa Castle lingali lipo. Usiku, kutoka madirishani, tajiri aliuona moto wa kiwanda uking'aa. Na mafundi wa Chapel Row, huko bondeni, walikuwa wakirudi kutoka katika moto uleule. Yeyote atakaye kuieleza nyumba moja katika hizi mbili bila kuitaja nyingine ataeleza nusu ya habari.

Sasa tuje kwenye ujenzi. Nyumba za wafanyakazi wa Merthyr zilijengwa kwa jiwe la mchanga lichimbwalo katika vilima vilevile, na mara nyingi kwa mawe ya mviringo yaliyookotwa mtoni. Mawe hayakuchongwa ila pembeni na penye miimo ya milango. Yalipangwa jinsi yalivyokuja, yakashikwa kwa chokaa, kisha ukuta ukapakwa chokaa nyeupe nje na ndani. Ni kazi ambayo mwashi wa Lamu au wa Pate angeifahamu mara moja, ijapokuwa yeye angetumia matumbawe badala ya jiwe la mchanga. Kuta zilikuwa nene, kwa sababu jiwe lisilochongwa halisimami likiwa jembamba. Unene huo ulikuwa rehema wakati wa baridi, na uliyafanya madirisha, ambayo yenyewe yalikuwa madogo, yaonekane kama mashubaka. Paa liliezekwa kwa vibamba vya jiwe. Nyumba za safu hazina visusi, kwa kuwa kila moja yapakana na jirani kuume na kushoto. Zina kipaa cha mbele na kipaa cha nyuma tu, na ukuta mmoja hutumika na nyumba mbili. Kwa mjenzi hii ilikuwa akiba ya mawe. Kwa wakaaji maana yake ilikuwa kwamba kikohozi cha jirani kilikuwa habari ya kila mtu.

Ramani ya ndani twaweza kuijua vizuri zaidi kwa kutazama safu nyingine ya mji huohuo, iitwayo Rhyd-y-car, iliyojengwa yapata mwaka 1795 kwa ajili ya wachimbaji wa mawe ya chuma. Ni nyumba duni kuliko za Chapel Row, lakini jamaa moja. Mlango wa mbele wafungukia moja kwa moja katika chumba kikubwa, chenye meko makubwa na dohani. Humo watu walipika, walikula, walioga, na baadhi yao walilala. Nyuma yake kipaa cha paa kimerefushwa kuteremka chini, mfano wa upenu wa nyumba zetu za udongo, na chini ya upenu huo mna kijichumba cha kulala na ghala ndogo ya chakula. Ngazi nyembamba ya mawe yapanda ikijipinda hata chumba cha juu kilicho chini ya paa. Hakuna ushoroba, hakuna sebule, wala hapana mahali pa mtu kukaa peke yake. Choo na maji havikuwamo katika hesabu ya mjenzi wa karne ya 18. Chapel Row, iliyokuja miaka 30 baadaye na kwa mafundi wenye ujuzi, ilikuwa na nafasi zaidi na orofa ya juu iliyo kamili. Tofauti hiyo si ndogo. Yatuonyesha kwamba wafanyakazi hawakuwa tabaka moja lisilo na ngazi: mwenye kuyeyusha na kusafisha chuma alikaa vizuri kuliko mchimbaji, naye mchimbaji alikaa vizuri kuliko yule aliyepanga pembe ya chumba katika vichochoro vya mtaa ulioitwa China, ambao polisi wenyewe waliuogopa.

Kiini cha nyumba kilikuwa meko. Makaa ya mawe yalikuwa mengi na rahisi, basi moto uliwaka mchana na usiku, kiangazi na baridi. Mume aliyetoka zamu ya usiku alikuta maji ya moto, na mwana aliyekwenda zamu ya alfajiri aliyakuta vilevile. Chini ya ngazi palikuwa na kitundu cha kuwekea makaa, na kitundu hicho chaitwa kwa Kiweli cha kusini *cwtsh*. Asili ya neno ni ya kigeni, lilitoka kwa Waingereza ambao nao walilipata kwa Wafaransa, likiwa na maana ya mahali pa kulala. Lakini Waweli walilifanyia jambo ambalo wageni hawakulifanya: kutoka kitundu chenye joto chini ya ngazi, wakalihamishia kwenye kukumbatiwa. Leo mtoto wa Merthyr asiyejua sentensi moja ya Kiweli atamwomba mama yake *cwtsh*, na hatapewa makaa.

Kwa kuwa wasomaji wa jarida hili ni watu wa lugha, naomba niruhusiwe kukaa kidogo hapa. Katika Kiweli neno *tŷ*, yaani nyumba, na *drws*, yaani mlango, na *aelwyd*, yaani meko, ni maneno ya asili ya Kikelti. Lakini *ffenestr*, yaani dirisha, na *ystafell*, yaani chumba, na *pared*, yaani ukuta wa kugawanya vyumba, yametoka katika Kilatini, yaliachwa na Warumi waliotawala kisiwa kile hadi mwanzo wa karne ya tano. Hebu tuangalie upande wetu. Nyumba, mlango na meko ni maneno ya Kibantu. Dirisha na saruji tulipewa na Waajemi, na sakafu na Waarabu, ingawa kwa Mwarabu lamaanisha dari, nasi tumeligeuza likawa chini ya miguu. Lugha mbili zisizo na udugu wowote zimehifadhi maneno ya kwao kwa mahali pa kuingilia na mahali pa moto, zikaazima neno la tundu la kutazamia nje. Sisemi kwamba hii ni kanuni; nasema yastahili kuchunguzwa na mtu mwenye subira kuliko yangu.

Neno *bwthyn* nalo, ambalo ndilo kijumba, limeundwa na neno la kuazima *bwth*, yaani kibanda, pamoja na kiambishi tamati *-yn* chenye kudogosha. Sisi hudogosha kwa kutia *ki-* mbele, wao kwa kutia nyuma. Tofauti iliyo muhimu ni ya ladha. Kwetu kudogosha mara nyingi huleta dharau: kijitu, kijibwa, na hata kijumba kwa mwenye jumba. Kiweli hakina dharau hiyo katika *bwthyn*, na nyimbo zao zimejaa vijumba vyeupe vya kutamanika. Utamu huo wa nyimbo ni mmojawapo wa adui wa mwanahistoria, kwani hufunika moshi na matope.

Matope yalikuwapo tele. Mwaka 1849 kipindupindu kiliua zaidi ya watu 1,400 mjini Merthyr. Mwaka 1850 ilitoka taarifa ya mkaguzi T. W. Rammell juu ya afya ya mji, nayo ilieleza uhaba wa maji safi na ukosefu wa mifereji ya maji machafu. Nyumba ya jiwe, hata ikijengwa vizuri namna gani, haikumwokoa mtu anayekunywa maji ya mto uliojaa uchafu. Hii ndiyo sababu baadhi ya wenyeji, baba na babu zao wakiwa wamezikwa kabla ya wakati, hawakulia sana nyumba hizo zilipobomolewa katika karne ya 20. Haki yao yafaa kukumbukwa na sisi tunaosifu mawe tukiwa tumekaa mbali nayo.

Katika nyumba nambari 4, tarehe 21 Mei 1841, alizaliwa Joseph Parry. Baba yake, Daniel, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha Cyfarthfa. Mtoto alipofika umri wa miaka tisa alitiwa kazini mgodini, na wa miaka kumi na miwili kwenye tanuri. Mwaka 1854 jamaa ilihamia Danville, katika jimbo la Pennsylvania huko Marekani, ambako palikuwa na viwanda vya chuma na Waweli wengi. Huko, baina ya zamu na zamu, alijifunza muziki kwa wafanyakazi wenzake. Wananchi wa Wales na Waweli wa Marekani walichanga fedha, naye akasoma London katika Chuo cha Kifalme cha Muziki. Mwaka 1874 akawa profesa wa kwanza wa muziki katika chuo kipya cha Aberystwyth. Opera yake iitwayo *Blodwen*, ya mwaka 1878, ndiyo ya kwanza kutungwa kwa Kiweli, na wimbo wake *Myfanwy* ungali waimbwa na kwaya za wanaume kila mahali penye Mweli. Alifariki mwaka 1903 huko Penarth.

Katika tuni zake za kanisani imo moja iliyoitwa kwa jina la mji wa chuo, *Aberystwyth*, iliyopigwa chapa kwanza mwaka 1879. Mwaka 1897 mwalimu wa shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg, Enoch Sontonga, alitunga *Nkosi Sikelel' iAfrika*. Wimbo huo uliimbwa mwaka 1912 katika mkutano wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa African National Congress, na mwaka 1961 tuni yake ilichukuliwa na Tanganyika kwa maneno ya Kiswahili, *Mungu Ibariki Afrika*, ambayo Tanzania imeendelea kuyaimba. Wako wataalamu wasemao kwamba Sontonga aliisikia tuni ya Parry kanisani, na kwamba mwendo wake umeingia katika wimbo wake. Wengine hukana, wakisema kwamba mfanano huo waweza kutokea kwa watungaji wowote wawili waliolelewa katika nyimbo za Kimethodisti na za makanisa yaliyo jirani nazo. Ubishi huo haujakatwa. Kwa maoni yangu, msomaji wa Dar es Salaam aweza kustaajabia uwezekano huo bila kuufanya kuwa hati ya urithi. Na Sontonga hahitaji babu wa kumkopesha heshima.

Twarudi sasa kwenye swali letu la pili. Nambari 4 imehifadhiwa kuwa makumbusho kwa ajili ya Parry. Orofa ya chini imepambwa jinsi ilivyokuwa katika miaka ya 1840, na orofa ya juu yaeleza maisha ya mtungaji. Kama mkewe Daniel angalijifungulia nyumba ya nne kutoka pale, basi hiyo ndiyo ingalitengenezwa. Lakini alikaa humo miaka 13 tu, tena kama mtoto. Walioijaza nyumba hiyo karibu karne moja na nusu ni watu wengine, na jina lao halimo mlangoni. Mawe yenyewe, ramani ya vyumba, na kizingiti kilicholika kwa nyayo ni ushahidi juu yao, si juu ya muziki. Ndiyo sababu nasema kwamba sifa ya Parry iliiokoa nyumba, lakini sifa hiyo siyo thamani ya nyumba.

Mahali pengine palitokea njia tofauti. Makumbusho ya St Fagans, karibu na Cardiff, yalifunguliwa mwaka 1948, na msimamizi wake wa kwanza alikuwa Iorwerth Peate, mwandishi wa kitabu maarufu juu ya nyumba za Wales kilichotoka mwaka 1940. Peate alikuwa mtu wa mashamba. Kwake yeye, Wales ya kweli ilikuwa ya mkulima, seremala na mfumaji, wenye kunena Kiweli. Viwanda vilikuwa wageni walioharibu. Kwa muda mrefu nyumba zilizovunjwa jiwe kwa jiwe na kusimamishwa upya St Fagans zilikuwa za mashambani. Mawazo hayo hayakuwa ya kipuuzi, kwani yalilinda vitu vingi ambavyo vingepotea. Lakini yaliacha nje ya historia watu wengi mno wa nchi ile, na, la ajabu zaidi, yalisahau kwamba Merthyr ya karne ya 19 ilikuwa mji mkubwa wa Kiweli, wenye mashairi na magazeti katika lugha hiyo.

Safu ya Rhyd-y-car ilipoharibiwa na mafuriko ya Desemba 1979, makumbusho yakachukua nyumba sita, yakazisimamisha upya, na mwaka 1987 zikafunguliwa kwa watu. Kila moja ilipambwa kwa zama zake: 1805, 1855, 1895, 1925, 1955 na 1985. Mtu atembeapo kutoka mlango wa kwanza hata wa sita apita karne mbili kwa hatua chache. Humo hakuzaliwa mtunzi wala shujaa, na hilo ndilo lililoipa kazi hiyo uzito. Hasara yake nayo ni wazi. Mawe yamekaa chini ya miti ya bustani, mbali na mgodi na mto, nayo yana majirani ambao hayakupata kuwa nao. Chapel Row imebaki mahali pake, na mahali ni sehemu ya jengo. Kama ningelazimishwa kuchagua, ningechagua nyumba iliyobaki, hata ikiwa imezungukwa na barabara za magari. Lakini wale wa Rhyd-y-car hawakupewa uchaguzi huo. Na safu ya ajabu ya Pentrebach iitwayo Triangle, yenye nyumba zilizopangwa kwa umbo la pembetatu, haikupata lolote kati ya mawili. Ilibomolewa katika miaka ya 1970.

Leo ulinzi wa majengo ya kale huko Wales umo mikononi mwa idara ya serikali iitwayo Cadw, iliyoanzishwa mwaka 1984. Jina hilo ni neno la Kiweli lenye maana ya kutunza, kuweka lisipotee. Majengo yaliyomo katika orodha yao ni yapata 30,000, yamepangwa katika daraja tatu, na sheria yao mpya ya mwaka 2023 iliandikwa kwa Kiweli na Kiingereza, lugha zote mbili zikiwa na nguvu moja. Hesabu ya watu ya mwaka 2021, hata hivyo, yaonyesha kwamba katika wilaya ya Merthyr Tydfil wasemao Kiweli hawafiki mmoja katika kumi. Basi katika nyumba nambari 4 kuta zimedumu kuliko maneno yaliyonenwa kati yake. Mwenye kuongoza wageni huonyesha meko na kueleza kwa Kiingereza kilichopikwa humo na watu ambao, wengi wao, Kiingereza hawakukijua.

Kiwanda cha Cyfarthfa kilifungwa mwaka 1919. Mfereji uliopita mbele ya Chapel Row ulikuwa umekwisha kufa kabla yake. Sehemu ile ya Merthyr iliachwa mwaka 1898, ikafukiwa. Waliotengeneza upya safu hii walifukua kipande kifupi mbele ya milango, wakakitia maji, na juu yake wakaweka daraja dogo la chuma lililoletwa kutoka Rhyd-y-car, kazi ya tanuri za Cyfarthfa zenyewe.